Spika Nilizozisingizia Kuungua

Kazi yangu ni kupima macho. Nina kiduka hapa mjini Tanga chenye kiti kimoja cha mgonjwa, ubao wa herufi ukutani na sanduku la vioo. Kutwa nzima nawauliza watu swali lile lile: hii, au hii? Ya kwanza, au ya pili? Mtu anakodoa, anasema ya pili, nambadilishia kioo, anasema hapana, ile ya kwanza. Binadamu akipewa vitu viwili vinavyokaribiana huingiwa na wasiwasi, na mimi nimewekwa pale kumtoa wasiwasi. Lakini mganga hajigangi. Ugonjwa wangu mimi ni spika.

Sisemi spika za kupigia kelele mtaani. Nasema spika za nyumbani, zenye maboksi ya mbao za kweli, na sauti ambayo ukifumba macho unajua mpiga udi kakaa upande gani, mwimbaji kasimama wapi, na kama mwimbaji ana mafua unajua pia. Maradhi haya niliyapata kwa tajiri mmoja wa ukoo wa Kiomani mwenye mashamba ya minazi, aliyeniita nyumbani kwake nimpime kwa kuwa hakupenda kukaa foleni na watu. Nilikuwa namsubiri sebuleni, taarabu ya zamani inapiga, mara nikageuka kutazama ni mwanamke gani aliyeingia. Hakuwapo mtu. Nilimpima yule bwana macho mkono ukinitetemeka, na tangu siku ile sijatulia.

Nilianza na jozi ndogo, za kukaa rafuni. Mwaka wa kwanza niliziona kama nimeteremshiwa. Mwaka wa pili nikaanza kusikia zinachokosa. Nikaziuza, nikapata jozi kubwa zaidi, na hizo ndizo zilizonifundisha kuogopa.

Mtaani kwetu Chumbageni tunaishi ukuta kwa ukuta, na kitu cha mtu ni cha mtu mpaka siku ya shughuli. Ikifika arusi au msiba, masufuria yanatoka nyumba hii, majamvi nyumba ile, friji kwa fulani, meko kwa fulani. Mama yangu alipofariki sikununua hata kijiko. Nilirudi kutoka makaburini nikakuta ua umetandikwa, maji yamechemka, wanawake wamekwishagawana kazi, na sikuwahi kujua lile turubai lilitoka kwa nani. Hakuna aliyeniuliza litarudi lini. Kwa hiyo nyumba ya tatu kutoka kwetu walipomwoza mtoto wao, wakaja na mkokoteni kuchukua zile spika, niliwasaidia kuzibeba mimi mwenyewe.

Walizisimamisha uani, wakaziunganisha na amplifaya la kupigia uwanjani, wakafungulia mpaka mwisho. Spika ya sebuleni ukiipeleka uani ni sawa na kumpa mtu kikombe cha kahawa akachotee maji ya kisimani. Zilirudi siku ya pili zina mafuta ya pilau kwenye mbao na harufu ya mpira ulioungua. "Tumekurudishia salama," wakasema. Kitu kikiazimwa kikarudi kibovu, mwenye kitu husema maneno mawili tu, nami nikayasema: si neno.  Fundi wa mjini alizitia bafa nyingine, yale madude makubwa ya chini yanayotoa sauti nzito, lakini kuanzia hapo kila mwimbaji alisikika kama anaimba ndani ya pipa.

Za sasa nilizipata Mombasa, kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama nchi. Nilikwenda mara tatu kuzisikiliza, na kila mara nilibeba muziki wangu mwenyewe, maana muziki wa muuzaji siku zote hupendeza kwenye spika za muuzaji. Ni ndefu, zinanifika kiunoni, mbao zake za rangi nyekundu iliyoiva. Siku ya kuzileta nilikaa nyuma ya pikapu nimezikumbatia tangu Mombasa mpaka Horohoro. Pale mpakani nililipa ushuru wangu wote, na bado afisa aliyezikagua akazizunguka kwa mashaka.

"Hizi za disko?"

"Za nyumbani."

"Nyumbani kwako mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na mke wangu."

Alinitazama, akazitazama, akagonga muhuri bila kuuliza tena. Nadhani alimhurumia mke wangu.

Nyumbani nilizipanga jozi zote mbili pamoja, za zamani na mpya, nikazilinganisha wiki nzima. Nilimkalisha mke wangu kwenye kochi, nikafunika spika zote nne kwa shuka ili macho yasimdanganye, nikawa nahamisha waya.

"Hii, au hii?"

"Zote nzuri."

"Huwezi kusema zote nzuri."

"Kwani weye wanipima macho? Mie nina mchuzi motoni."

Nikagundua kwamba jozi yoyote niliyoipandisha sauti kidogo ndiyo aliyoichagua, hata zile zenye pipa. Ndivyo lilivyo sikio, linamwamini anayesema kwa nguvu. Nikaziweka sawa, nikamrudisha kwenye kochi.  Mara hii alisikiliza mpaka wimbo ukaisha, mwiko mkononi.

"Hizi," akasema. "Kwenye hizi namsikia yule mama anavuta pumzi kabla ya kuimba. Yanitia huzuni, sijui kwa nini."

Nilifurahi kupita kiasi, na jioni ile ile nikaanza kuingiwa na shaka. Huenda alichoka tu akataka kurudi jikoni. Hata hivyo zile za pipa niliziuza wiki iliyofuata.

Kumiliki kitu kizuri pwani ya Tanga ni kazi ya pili. Chumvi ya hewani inakula vyuma. Unyevu unalegeza gundi. Mchwa wanapenda mbao za kigeni kama watu wanavyopenda mgeni. Nikawa nazifuta asubuhi na jioni kwa kile kitambaa laini ninachofutia miwani. Kubwa zaidi lilikuwa umeme, kwa sababu ukikatika si tatizo, tatizo ni unaporudi kwa kishindo. Nikiwa dukani taa ikizimika, mgonjwa namwacha na kioo jicho moja, napiga simu nyumbani.

"Chomoa!"

"Nilichomoa tangu asubuhi," mke wangu anasema. "Pima macho ya watu."

Ukuta wa sebule yetu ndio ukuta wa chumba cha majirani zetu, wazee wawili. Bwana alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge, karani wa mizani. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakamkimbia, hatoki tena. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa naingia kumwamkia, ananibana mkono kwa ule wa kushoto, basi. Mkewe, bi mkubwa, ndiye aliyemkosha mama yangu alipofariki. Neno hilo moja latosha kueleza alivyo kwetu.

Alikuja alasiri moja na sahani ya mkate wa kumimina iliyofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ile siku yetu imefika. Jumamosi twamwoza kitinda mimba wetu."

"Mashaallah. Mungu atie baraka."

"Amina. Basi majamvi nimeshapata, masufuria yatoka kwa mama wa kule kona, friji ya soda ipo. Ya maspika nimewaambia wasihangaike, ya jirani yangu yapo. Ijumaa watakuja na mkokoteni."

Hakuniomba, na wala hakikuwa kiburi. Ndivyo inavyosemwa. Anayeombwa ni mgeni, jirani huarifiwa.

Nilifungua mdomo kusema karibuni. Kilichotoka ni hiki:

"Maspika yameungua, bi mkubwa."

"Yameungua! Yote mawili?"

"Yote mawili. Umeme ulirudi kwa nguvu."

Alinitazama. Yalikuwa yamesimama pale pale nyuma ya mgongo wangu, yanang'aa. "Maskini," akasema. "Na ulivyoyapenda." Akanisogezea sahani. "Kula basi, ungali moto."

Nikala. 

Alipoondoka, mke wangu alitoka jikoni mikono kiunoni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mie simo," akasema. "Kwetu Mkwaja mtu akikunyima mtumbwi akwambia sikupi, mwatukanana, kesho mwala pamoja. Uongo wako ubebe mwenyewe. Nikiulizwa, nasema kweli."

"Usiulizwe."

"Nitazuiaje kuulizwa?"

Hakuelewa nilichokuwa naogopa, au alielewa na hakutaka kukitaja. Mtu aliyewanyima watu kitu cha shughuli hapigwi wala hatukanwi. Watu wanamjibu salamu kama kawaida. Ila siku yake ikifika, mlangoni kwake panakuwa na viatu vichache. Nimeona mazishi ya mtu wa namna hiyo, jeneza linabebwa na watu wanane, hakuna wa kumpokea mwenzake bega. Na mimi na mke wangu hatukujaaliwa mtoto. Yeyote kati yetu atakayetangulia, atazikwa na mtaa, na atakayebaki atalishwa na mtaa. Nilikuwa nimeuweka mtaa wote rehani kwa ajili ya maboksi mawili ya mbao, na nilijua, na bado nilipofikiria ule mkokoteni sikuweza kurudi nyuma.

Arusi ikafanyika kwa muziki wa kukodi. Nilikwenda, nikala pilau, nikapewa pole. Sikutegemea zile pole. Kila niliyempa mkono alisema, "Pole na maspika." Wanaume wa barazani, pole. Baba wa kambo wa bwana arusi, aliyetoka mbali na hanijui, pole. Mzee mmoja akaniombea dua Mungu anipe mengine bora zaidi, watu wakaitikia amina, nami nikaitikia. Nilitamani kujificha chini ya jamvi.

Kisha likaja tatizo ambalo sikulifikiria. Spika zilizoungua hazipigi. Nikajizuia siku tisa. Nikitoka dukani nakaa mbele yake tunatazamana. Siku ya kumi nikaziba dirisha la upande wa kichochoro kwa blanketi, mlango nikautilia shuka chini, nikafungulia kwa sauti ndogo mno, ya kunong'ona. Ukuta wa majirani sikuuogopa. Nyumba zetu ni za zamani, ukuta ni wa mawe na chokaa, mnene kama mkono wangu mpaka kiwiko. Nilichoogopa ni mpita njia.

Ikawa ndiyo desturi. Baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, kila siku. Nilikuwa nasogeza kiti mbele mpaka magoti yangu yanakaribia kugusa mbao. Kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo sana, nikawa siridhiki, na kila siku nikipandisha kidogo, kiasi cha upana wa unywele, halafu nakaa nikisikiliza nje badala ya kusikiliza wimbo. Akipita mtu amekohoa, nazima. Mlango wa jirani ukilia, nazima. Nilikuwa na spika bora kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na sikumbuki hata wimbo mmoja niliousikia mpaka mwisho.

"Mtu mzima wasikiliza muziki wako kama mwizi," mke wangu akasema. "Na majirani si viziwi."

Nikamgeukia. "Kwani bi mkubwa kakwambia kitu?"

"Hajaniambia."

"Kakuuliza?"

"Hajaniuliza."

Nikajifariji kwa hilo. Kumbe mke wangu kila siku alikuwa akienda upande wa pili kusaidia kumgeuza mzee, anaona anayoyaona, na ameapa kwamba asiyeulizwa hasemi. Nilikuwa nimemwomba mwenyewe asiulizwe.

Ikapita kama miezi miwili. Asubuhi moja najiandaa kwenda kufungua duka, nikasikia hodi. Bi mkubwa.

"Mkwe wangu, mume wa binti yetu mkubwa, kaja na mkewe kutoka Mombasa kututazama," akasema. "Ni fundi wa maredio na maspika, ndiyo kazi yake. Nimemwambia aje kukutazamia mgonjwa wako. Yuko chaini, akimaliza aja."

"Ah, bi mkubwa, asisumbuke. Kaja kupumzika."

"Kusumbuka gani? Weye jirani. Hataki hata senti yako." Akacheka kidogo, akajifunga kanga vizuri, akarudi kwake. Kulikuwa na kitu katika kile kicheko, lakini mtu mwenye hofu hana nafasi ya kutazama vicheko vya watu.

Chai ya mkwe haiwi fupi. Kutakuwa na chapati, pengine mbaazi, ataongezewa kikombe bila kuulizwa. Nikajipa nusu saa. Fundi akiingia atachomeka, zitapiga, atatoka na kusema ni nzima. Mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Watazikumbuka pole zao moja moja. Yule mzee ataikumbuka dua yake.

Nilifikiria kuchomoa waya tu. Lakini waya angeurudisha kwa dakika mbili, na watu wangesema, kwa waya uliochomoka ndiyo mtu akamwacha mtoto wa jirani aolewe kwa muziki wa kukodi? Nilisema zimeungua. Ilibidi ziwe zimeungua.

Juu ya kila spika kuna kidude kidogo cha duara kinachotoa zile sauti nyembamba, mafundi wetu hukiita tuita. Pumzi ya yule mwimbaji, kucha za mpiga udi kwenye uzi, vyote hutoka hapo. Nilikwenda kuchukua bisibisi yangu ya miwani, ile ndogo kuliko zote. Skrubu nne, tuita ikatoka mkononi kama kifuniko cha birika. Nyuma yake kuna waya mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, na ukikatika huo, kipimo chochote cha fundi kitasema kimekufa. Mimi vitu vyembamba navijua. Mkono ulionitetemeka kwa yule tajiri miaka ile haukutetemeka asubuhi ile. Nilikata.

Nikasimama. Nikawaza, moja inatosha, nitasema moja ndiyo iliyoungua. Lakini nilikuwa nimesema yote mawili, na bi mkubwa aliniuliza, nikarudia. Nikasikia kandambili uani kwao. Nikafungua ya pili, nikakata.

Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho nikamwona mke wangu mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka mambo sawa."

"Ya Rabi," akasema, akashika kizingiti. Nilijua kwa ile sauti kwamba kuna jambo alitaka kuniambia, lakini hodi ilikuwa imekwishapigwa.

Mkwe wa jirani alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, mkoba wa kazi begani. "Shikamoo, Ami," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyeletwa kwenye mzaha mzuri. Hakutoa kipimo wala koleo. Alitoa bisibisi moja, akazunguka nyuma ya spika ya kwanza, akakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea, akaenda ya pili akafanya vile vile. Haikuchukua muda wa kunywa maji.

"Tayari. Washa, Ami."

"Lakini hujazitazama."

"Wewe washa tu."

Nikawasha. Muziki ukatoka bila meno. Ngoma zipo, sauti nzito zipo, lakini mwimbaji ni kama kafunikwa godoro usoni. Tabasamu likamtoka yule mkwe polepole. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye tuita ya kushoto, kisha ya kulia. Sasa akatoa kipimo.

"Hii imekufa," akasema. "Na hii imekufa." Akainua uso. "Ami, jana zilikuwa zapiga."

"Jana?"

"Jana alasiri. Nilikuwa nimekaa na mzee pale ndani. Mama akanambia, hebu sikiliza hizo spika za jirani. Nikamwambia, mama, hizo ni nzima, tena sijapata kusikia spika kama hizo."

Nikazima ule muziki. 

Alieleza kwa sauti ya chini, kwa adabu, akitazama mkoba wake. Walikuwa wakinisikia tangu ile siku ya kumi, maana kwenye ukuta ule mnene palikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa mbao na chokaa. Mzee, ambaye tangu apate kiharusi hakutaka redio wala wageni, alianza kuonyesha ukuta kwa mkono kila ikikaribia alasiri, mpaka wakamsogezea kiti. Bi mkubwa hakumwambia mtu. Lakini aliona kwamba nimejifungia na kitu changu kwa haya, na kwamba haya ile itanila. Ndipo mkwe alipokuja, akampa kazi.

"Alinambia, nenda ukakaze skrubu moja, utoke uani useme kwa sauti zimepona. Watu wasikie, apate kupiga bila kujificha. Na kama kuna atakayetaka kuziazima, yeye mwenyewe atamwambia zimepona lakini ni dhaifu, hazifai shughuli." Akautazama ukuta. "Mzee alikuwa ataka uzipandishe kidogo. Zile sauti nyembamba hazipiti vizuri ukutani."

 Bisibisi ya miwani ilikuwa bado mfukoni mwa shati langu, mpini wake mwekundu nje, na najua aliiona. Hakuitaja. Alikunja waya za kipimo chake, akakirudisha, akafunga mkoba.

Kutoka uani bi mkubwa akaita, sauti imejaa furaha ya mtu aliyepanga jambo lake likakaa. "Vipi huko? Zimepona?"

Yule mkwe alinitazama. Alikuwa ananingoja nimwambie aseme nini. Angesema chochote, naamini. Angesema unyevu, angesema umeme, na ningekuwa salama kwa mtaa mpaka kufa kwangu.

Nikatoka mimi. Bi mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, unga mikononi.

"Hazijapona," nikamwambia. "Zilikuwa nzima. Nimeziua mimi, sasa hivi, mkweo akiwa chaini."

Aliweka ncha ya kanga mdomoni. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa."

"Ulituogopa sie?"

 Nyuma yangu mke wangu alikuwa amekuja akasimama karibu, hajanigusa, lakini yupo. Bi mkubwa alijifuta unga, kidole kwa kidole, kama asiyejua mikono ile aipeleke wapi.

"Basi nenda kamwambie mzee," akasema mwisho. "Mie siwezi. Nilimwambia jana kwamba leo atasikia vizuri. Kataka kuogeshwa mapema."

Nilivua viatu mlangoni kwao nikaingia. Chumba kilinukia sabuni na udi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, amenipa mgongo, kanzu safi, kofia kichwani, na kiti kimesogezwa mpaka goti lake linagusa ukuta.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Nina neno."

Aliinua ule mkono wa kushoto bila kugeuka, akaweka kidole mdomoni ninyamaze, kisha akafumba macho, akaegemeza sikio kwenye chokaa, akingoja.